Karatasi Zilizonusurika: Miaka 90 ya Taasisi ya Kimataifa ya Historia ya Jamii

Tarehe 25 Novemba 1935, mjini Amsterdam, ilianzishwa rasmi taasisi iliyopewa kazi ambayo watawala wengi wa Ulaya wa siku hizo wasingeitakia heri: kukusanya na kutunza nyaraka za vyama vya wafanyakazi, za vyama vilivyopigwa marufuku, za wakimbizi wa kisiasa na za watu waliotiwa gerezani kwa sababu ya maandishi yao. Iliitwa Taasisi ya Kimataifa ya Historia ya Jamii, na Waholanzi huifupisha kwa herufi IISG. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 90. Katika umri huo imevunjwa mlango na wezi, imefungwa na jeshi la kigeni, mali yake imesombwa kupelekwa nchi nyingine, na bado leo mtu yeyote anaweza kuingia, akajiandikisha bila malipo na kuomba jalada analolitaka.

Hifadhi za taifa zilikuwepo zamani. Lakini hifadhi ya taifa hutunza kwanza karatasi za dola. Mgomo ukitokea, kinachoingia humo ni ripoti ya polisi, hukumu ya hakimu na telegramu ya waziri. Yaliyosemwa kwenye mkutano wa wagomaji, nani alichanga kiasi gani, familia ya aliyefukuzwa kazi ilisaidiwa vipi, hayo hubaki kwenye daftari la katibu wa chama. Daftari hilo likikosa mahali pa kukaa, atakayeandika historia ya mgomo baada ya miaka hamsini atakuwa na maneno ya upande mmoja tu.

Aliyeliona pengo hilo ni Nicolaas Wilhelmus Posthumus, mwanahistoria wa uchumi aliyezaliwa mwaka 1880. Mwaka 1914 alikuwa tayari ameanzisha hifadhi ya historia ya uchumi ya Uholanzi, akikusanya vitabu vya hesabu na barua za kampuni za biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 nyaraka za harakati za wafanyakazi nazo zikaanza kumfikia, na kufikia hapo jambo lilikuwa la dharura. Januari 1933 Hitler alishika madaraka Ujerumani. Mei mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi vya nchi hiyo vilivunjwa, ofisi zao zikatwaliwa, na vitabu vikachomwa hadharani. Italia ilikuwa chini ya Mussolini. Muungano wa Kisovieti wa Stalin ulikuwa ukiwawinda wapinzani wake ndani na nje ya mipaka. Mkimbizi aliyevuka mpaka na sanduku moja alilazimika kuchagua kati ya nguo na karatasi.

Posthumus alikuwa na wazo, fedha hana. Fedha zilitoka kwa Nehemia de Lieme, mkurugenzi wa De Centrale, kampuni ya bima iliyokuwa karibu na harakati za wafanyakazi wa Uholanzi. Katiba ya kampuni hiyo ilitaka sehemu ya faida itumike kwa shughuli za utamaduni za wafanyakazi. Kwa hiyo hazina zilizonunuliwa miaka hiyo, baadhi yake zikiwa za thamani isiyokadirika, zililipiwa na michango midogo midogo ya bima ya mafundi na vibarua. Manispaa ya Amsterdam nayo ikatoa jengo kando ya mfereji, Keizersgracht namba 264. Katika jengo hilohilo, Desemba 1935, Rosa Manus, Johanna Naber na mke wa Posthumus, Willemijn Posthumus-van der Goot, walianzisha hifadhi ya kimataifa ya harakati za wanawake.

Mkutubi wa kwanza wa taasisi alikuwa Annie Adama van Scheltema-Kleefstra, mjane wa mshairi. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kupanga vitabu. Kwa vitendo alikuwa msafiri, mpatanishi na, ilipobidi, mtoroshaji. Mmoja wa watu aliowafuata ni Max Nettlau wa Vienna, msomi wa lugha za Kikelti aliyeyatoa maisha yake yote kukusanya maandishi ya wapinga dola, wale waitwao wanaanaki. Nettlau alirithi mali, na mali hiyo ikayeyuka kwa mfumuko wa bei uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza. Akabaki maskini aliyezungukwa na makasha ya vijitabu, magazeti na barua, akikataa kuyauza. Baada ya mazungumzo marefu alikubali mwaka 1935 mkusanyo wake uende Amsterdam. Mwaka 1938, Wanazi walipoimeza Austria, Annie alikwenda Vienna na kuhakikisha mali hiyo inatoka. Maandishi ya mkono ya Mrusi Mikhail Bakunin yalikuwa miongoni mwa yale aliyoyavusha. Nettlau mwenyewe alihamia Amsterdam na kuendelea kuupanga mkusanyo wake. Alifariki huko Julai 1944, Wajerumani wakiwa bado wameukalia mji.

Mwaka huohuo wa 1938 ndipo ulipopatikana mkusanyo unaoitambulisha taasisi hadi leo: karatasi za Karl Marx na Friedrich Engels. Zilikuwa mali ya chama cha kijamaa cha Ujerumani, SPD. Baada ya chama kupigwa marufuku mwaka 1933 zilitoroshwa hadi Copenhagen, zikawekwa chini ya ulinzi wa chama ndugu cha Denmark. Viongozi wa SPD walikuwa uhamishoni bila fedha, na mnunuzi mkubwa alikuwepo: Moscow. Mwanzoni mwa 1936 ujumbe wa Kisovieti uliokuwa na Nikolai Bukharin ulisafiri Ulaya Magharibi kujadili bei. Biashara ikavunjika. Miaka miwili baadaye Bukharin alipigwa risasi kwa amri ya serikali iliyomtuma, na karatasi zikauzwa Amsterdam kwa fedha za De Centrale.

Ndani ya mkusanyo huo umo ukurasa mmoja wa rasimu ya Ilani ya Kikomunisti, ukurasa pekee wa rasimu uliobaki. Umejaa mwandiko wa Marx uliolala na kubanana, na maneno mengi yamekatwa kwa mistari. Ila mistari ya juu kabisa ina mwandiko mwingine, ulionyooka, wa mkewe Jenny. Mwandiko wa Marx ulikuwa mgumu kiasi kwamba Engels, katika uzee wake, ilimbidi awafundishe vijana wawili, Karl Kautsky na Eduard Bernstein, namna ya kuusoma, asije akafa na ujuzi huo. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ukurasa huo katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia, pamoja na nakala ya Marx mwenyewe ya juzuu la kwanza la kitabu chake kuhusu mtaji, ikiwa na masahihisho yake pembeni.

Hatari haikutoka upande mmoja. Taasisi ilikuwa na tawi Paris, mtaa wa Michelet, likiongozwa na Boris Nikolaevsky, mkimbizi wa Kirusi aliyekuwa fundi wa kutafuta nyaraka. Leon Trotsky, aliyefukuzwa na Stalin, aliamua kuziweka hapo baadhi ya karatasi zake. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Novemba 1936 wezi waliingia. Waliacha vitu vingine vya thamani, wakachukua mafurushi ya Trotsky na kuondoka. Idara ya siri ya Stalin ndiyo iliyonyooshewa kidole. Tukio hilo liliifundisha taasisi somo ambalo watunza nyaraka hulirudia hadi leo: anayetaka kuficha historia huwa anajua thamani ya karatasi kabla ya mwanahistoria kuijua.

Somo hilo lilizaa tahadhari. Vita vilipokaribia, nyaraka nyeti zaidi, zikiwemo za Marx, Engels na Bakunin, zilivushwa bahari hadi Uingereza, ambako Arthur Lehning alisimamia tawi la Oxford. Masanduku ya vyama vya wanaanaki wa Hispania, CNT na FAI, yaliyotoka nchini mwao Franco alipokuwa akishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1939, nayo yalihifadhiwa Uingereza, yakafika Amsterdam mwaka 1947.

Mei 1940 Ujerumani iliivamia Uholanzi. Tarehe 15 Julai taasisi ilifungwa na wafanyakazi wake wakafukuzwa. Jengo lilichukuliwa na kikosi cha Alfred Rosenberg, kilichopewa kazi ya kupora maktaba na nyaraka kote Ulaya kwa ajili ya mafunzo ya itikadi ya Kinazi. Kilichobaki Amsterdam kilisafirishwa kwenda Ujerumani kwa awamu. Hifadhi ya wanawake iliporwa pia; Rosa Manus, aliyekuwa Myahudi, alikamatwa na kufia mikononi mwa Wanazi. Posthumus alivuliwa uprofesa mwaka 1942.

Vita vilipokwisha, rafu zilikuwa tupu. Mwaka 1946 sehemu kubwa ya mali iligunduliwa karibu na Hannover, katika eneo lililokuwa chini ya Waingereza, ikarudishwa. Nyingine ilichukua miaka mingi zaidi. Jeshi la Kisovieti lilikuwa limekuta sehemu ya ngawira hiyo ya Wajerumani na kuipeleka Moscow, ikafungiwa katika hifadhi maalumu ya siri. Ni mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya dola ya Kisovieti kusambaratika, ndipo ilipojulikana kuwa nyaraka za Amsterdam, pamoja na zile za hifadhi ya wanawake, zilikuwa zimelala huko kwa karibu nusu karne.

Baada ya hapo historia ya taasisi ni ya utulivu zaidi, na inaweza kusimuliwa kwa haraka. Ilianza kutoa jarida lake la kitaaluma, *International Review of Social History*, mwaka 1956. Mwaka 1979 iliingia chini ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa na Sayansi cha Uholanzi, na hapo ikapata bajeti ya kudumu. Mwaka 1989 ilihamia ilipo sasa, Cruquiusweg namba 31, katika ghala la zamani la kakao kwenye bandari ya mashariki ya Amsterdam. Mwaka huo wa kuhama ndio wanafunzi wa China walipojaa katika uwanja wa Tiananmen. Watafiti wenye uhusiano na taasisi walikuwa Beijing, wakakusanya vipeperushi, matangazo na picha vikiwa bado vibichi. Kazi ya 1938 ilikuwa inaendelea kwa majina mengine. Tangu hapo zimeingia nyaraka za wakimbizi wa kisiasa wa Uturuki, za Burma, za Amnesty International na za Greenpeace, juu ya vitabu na majarida yanayofikia milioni moja.

Wingi huo ndio unaomtisha mgeni. Na hapa ndipo ilipo nusu ya pili ya kazi ya taasisi, ile isiyosimuliwa kwenye filamu: kuorodhesha. Sanduku lililotoroshwa Vienna chini ya pua ya Wanazi halina faida yoyote kama hakuna anayejua kilichomo. Kila mkusanyo hupewa namba. Wa Marx na Engels, kwa mfano, ni ARCH00860. Chini ya namba hiyo huandikwa mwongozo: nani aliyeziunda karatasi hizi, aliishi lini, zilifikaje hapa, zina ukubwa wa mita ngapi za rafu, zipi ziko wazi na zipi zina masharti. Kisha hufuata orodha ya majalada, moja baada ya moja, kila moja na namba yake. Mtunza nyaraka anaweza kumaliza miaka kwenye mkusanyo mmoja, na jina lake asilijue hata mmoja wa watakaonufaika.

Anayeanza hukosea mara nyingi mahali pamoja. Anafungua katalogi kwenye mtandao, anaandika mada yake, anapata matokeo machache, anakata tamaa. Lakini nyaraka hazipangwi kwa mada kama vitabu vya maktaba. Hupangwa kwa aliyeziunda au aliyezipokea, na kwa kadiri inavyowezekana huachwa katika mpangilio aliouacha mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti ni hili: jambo ninalolitafuta, nani aliliandikia barua, na barua hiyo ilitua mezani kwa nani? Barua ina makazi mawili, nakala iliyobaki kwa mtumaji na ile iliyofika kwa mpokeaji. Ya mtumaji ikiungua, ya mpokeaji huenda ipo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kanuni hiyo ina uzito wa pekee. Mwaka uleule wa 1935 taasisi ilipoanzishwa, Nairobi nako Makhan Singh alikuwa akijenga chama cha wafanyakazi kisichobagua rangi. Mkoloni alimweka kizuizini tangu 1950 hadi 1961. Bahati njema karatasi zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wengi hawakuwa na bahati hiyo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lililoanzishwa 1955 na ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza, lilivunjwa mwaka 1964 baada ya maasi ya jeshi, nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja cha wafanyakazi cha taifa, NUTA. Ofisi ikifungwa namna hiyo, makabrasha yake hubaki bila mwenyewe.

Ila TFL iliandika barua, na shirikisho la Kenya alilokuwa akiliongoza Tom Mboya liliandika pia. Zilikwenda Brussels, makao ya shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi, ICFTU, lililoundwa 1949. Shirikisho hilo liliweka wawakilishi Afrika, lilitoa fedha, lilifungua chuo cha mafunzo ya vyama vya wafanyakazi Kampala mwaka 1958, na lilidai taarifa za kila jambo. Nyaraka zake ziko Amsterdam. Atakayetafuta chini ya neno Tanzania atakosa mengi, kwa kuwa katika miaka hiyo nchi iliitwa Tanganyika, na Zanzibar ilikuwa na jalada lake. Aandike pia majina ya wakati ule ya vyama, miji na vyeo. Akirudi nyuma hadi zama za Wajerumani, aandike Deutsch-Ostafrika. Taasisi ina nyaraka za August Bebel, kiongozi wa SPD aliyesimama bungeni Berlin mwaka 1896 kufichua ukatili wa Carl Peters kule Kilimanjaro, yule ambaye wenyeji walimwita Mkono wa Damu.

Mkondo mwingine ni wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kamati ya Angola, iliyoundwa Uholanzi mwaka 1961, ilifanya kampeni dhidi ya ukoloni wa Wareno, na mwaka 1972 iliwafanya Waholanzi wengi waisusie kahawa ya Angola. Iliwasiliana na vyama vya ukombozi, kikiwemo FRELIMO cha Msumbiji, ambacho kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962 na ambacho rais wake, Eduardo Mondlane, aliuawa mjini humohumo kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Nyaraka za kamati hiyo, pamoja na za makundi mengine ya Kiholanzi yaliyopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, zilikabidhiwa kwa taasisi mwaka 2008. Historia ya Dar es Salaam kama mji mkuu wa ukombozi haiwezi kuandikwa ikakamilika bila kupita huko.

Anayetaka kuzisoma afuate hatua chache. Asome kwanza utangulizi wa mwongozo, maana ndimo ilimo historia ya mkusanyo na mapengo yake. Aandike namba ya mkusanyo na namba ya jalada, zote mbili; kichwa cha habari peke yake hakimsaidii mtu wa ghalani. Aangalie kama jalada lina masharti: nyaraka zenye habari za watu walio hai, au zilizowekewa sharti na aliyezitoa, huhitaji kibali, na kibali huchukua muda. Aulize kama zimeshapigwa picha za kidijiti. Karatasi za Marx na Engels sasa husomeka mtandaoni, na mtu wa Kigoma anaweza kuzifungua bila nauli wala viza. Kwa yasiyowekwa mtandaoni, awaandikie watunza nyaraka mapema, aeleze anachotafuta kwa sentensi nne au tano. Hao huzijua rafu kuliko katalogi.

Kuna malalamiko ya haki hapa, na sherehe ya miaka 90 isiyafunike. Kwa nini mtu wa Mombasa avuke mabahari kusoma barua za makuli wa Mombasa? Nyaraka za ICFTU hazikuporwa. Ni barua zilizotumwa kwa hiari na kupokelewa kihalali, na zisingetunzwa huko huenda zisingekuwepo popote. Hata hivyo aliyezitunza ana deni kwa waliozitunga, na deni hilo hulipwa kwa nakala: kuziweka mtandaoni, na kuzirudisha kwa picha katika vyuo na hifadhi za nchi zilikotoka. Hicho ndicho kipimo ninachoona taasisi ipimwe nacho inapoelekea miaka 100.

Sisi nasi tuna kipimo chetu. Vyama vyetu vya wafanyakazi, vyama vya ushirika, jumuiya za akina mama na matawi ya vyama vya siasa vina makabati yaliyojaa mihtasari ya vikao, vitabu vya michango na barua. Kila ofisi ikihama, vingine huuzwa kwa kilo, vikaishia kufungia karanga na maandazi. Posthumus hakuanza na jumba. Alianza na uamuzi kwamba karatasi za watu wa kawaida ni nyaraka. Katibu wa chama anayesoma haya, kabla hujaagiza stoo isafishwe, orodhesha kilichomo, andika miaka yake, kisha piga simu hifadhi ya taifa au chuo kikuu kilicho karibu nawe.